Usisake rangi moja, saka zari moja (jibu kwa dada anayemvisha mdogo wake harusi ya Kigujarati)

Dada mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Mdogo wako anaoa binti wa Kigujarati wa Upanga, mmekubaliana ndoa ifungwe kwa taratibu za kwao mwishoni mwa Januari, na bibi harusi amekutumia kwenye simu picha ya lehenga nyekundu (sketi pana ya harusi na blauzi yake) na maneno "mtafutieni sherwani ya rangi hii hii", yaani lile koti refu la bwana harusi. Waliojibu huko juu wamekutajia maduka. Mimi naomba ufunge pochi kwanza.

Nashona nguo za harusi za Wahindi hapa Dar, mwaka huu ni wa 17. Nilianza kwa kutia vifungo na kukunja pindo kwa mzee mmoja wa Kigujarati mitaa ya Kisutu, sote tukimwita Bhai. Mteja akileta vitambaa viwili na kuuliza kama vinaendana, Bhai alikuwa anatoka navyo nje juani, anavilaza juu ya boneti ya gari lolote lililoegeshwa, halafu anafunika kitambaa chote kwa viganja na kuacha upindo tu uonekane. Anaangalia zari, yaani ule uzi wa dhahabu au fedha. Zari zikikubaliana anasema chukua. Zisipokubaliana, hata rangi ziwe pacha, anarudisha. Nilidhani ni ushamba wa wazee mpaka yaliponikuta.

Ilikuwa harusi ya kwanza niliyoichukua mwenyewe baada ya kutoka kwake. Bibi harusi alikuwa na lehenga nyekundu iliyotoka Ahmedabad, bwana harusi akaniletea picha kwenye simu, nami nikatafuta kitambaa chekundu nikakilinganisha na kioo cha simu. Nikajisifu. Siku ya harusi, wawili hao walipoketi pamoja chini ya taa za mpiga video, nikatamani ardhi ipasuke. Nyekundu ya binti ilikuwa inaelekea chungwa na zari yake imefifia kama shaba kuukuu. Nyekundu niliyoshona mimi ilikuwa inaelekea zambarau, na uzi wake ni ule wa plastiki unaowaka njano. Kila nguo peke yake ilikuwa nzuri. Zikikaa bega kwa bega zilikuwa kama zinatukanana. Mama wa bwana harusi alinitazama mara moja tu, hakusema kitu, na sijapata kazi kwenye ukoo ule tena.

Sasa uone kwa nini "rangi hii hii" ni mtego. Nyekundu mbili zinazokaribiana bila kufanana ndizo zinazoonekana vibaya kuliko zote, maana jicho linajua zilikusudiwa zifanane. Nyekundu na rangi ya pembe za ndovu hakuna atakayeziuliza.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko la rangi, na hakuna aliyekugusia. Muulize binti, tena umuulize kwa heshima kupitia mama yake: wakati wa ndoa yenyewe, chini ya mandapu (kile kibanda cha mapambo wanachofungia ndoa), atavaa ile lehenga au atavaa panetari? Panetari ni sari nyeupe ya hariri yenye upindo mwekundu, na kwa Wagujarati wengi huletwa na mjomba wake bibi harusi, kaka wa mama. Anaingia nayo. Kisha anafunikwa garchola, na garchola, dada yangu, inatoka upande wa bwana harusi. Yaani kwenu. Hilo ni fungu lenu, na nina wasiwasi mmeshughulika na sherwani wiki tatu bila mtu kuwaambia kuna sari mnadaiwa.

Garchola ni sari nyekundu (zipo za kijani na za damu ya mzee pia) iliyogawanywa miraba kwa nyuzi za zari, na ndani ya kila mraba kuna nakshi za bandhani, vile vidoa vinavyopatikana kwa kufunga kitambaa mafundo madogo madogo kabla ya kukichovya kwenye rangi. Za kimila huwa na miraba 12 au 52. Kazi hiyo ya mafundo ni ya Kachchh na Jamnagar, na kitambaa cha kweli mara nyingi huuzwa kikiwa bado kimejikunja, mafundo hayajafunguliwa yote, ili mnunuzi aone kwamba ni kazi ya mkono. Kwa hiyo ukiletewa kimejikunyata usikimbilie pasi. Ukiona kimelala laini kabisa na vidoa vyote vimelingana kama vya mashine, ujue ni vya mashine. Si dhambi, ila msitozwe bei ya mkono.

Siku hizi mabinti wengi hawavai garchola kama sari kamili. Wanaitupia begani au kichwani juu ya lehenga kama dupata (mtandio) ya pili. Huenda ndivyo anavyopanga huyu. Vyovyote itakavyokuwa, kitu kitakachokaa karibu kabisa na mdogo wako saa ile ni garchola na wala si sketi. Basi anzia hapo. Ipateni garchola, itoeni juani, tazameni zari yake ni njano kali, dhahabu iliyopoa, shaba, au fedha. Kisha mtafute sherwani ya rangi ya pembe au ya malai ambayo tarizi yake, vifungo vyake na uzi wa kola vina zari ya jamaa moja na hiyo. Wekundu uwe kwenye kilemba, kile wanachokiita safa, na kwenye mtandio wa bega. Kwangu mimi huo ndio mpango usioangusha, na ukitazama picha za ndoa nyingi za Kigujarati utaona ndivyo walivyo.

Huo mtandio usiuchukulie kama urembo tu. Katika ndoa yao kuna kipindi pindo la mtandio wa bwana harusi linafungwa fundo na nguo ya bibi harusi, wanaita chheda chhedi, na wakiwa wamefungwa hivyo ndipo wanapozunguka moto. Nimeona mtandio wa mahameli wenye shanga hadi ukingoni ukigoma kufungika, pandit, yaani kuhani wao, anauvuta huku, shangazi anavuta kule, lulu zinamwagika kama mchele. Kata mtandio wa hariri laini, usipungue mita 2 na nusu, na tarizi ikomee kiganja kimoja kabla ya ncha. Na uwe hariri au pamba kweli. Moto ule ni moto, unamwagiwa samli, na nguo ya nailoni karibu nao sitaki hata kuifikiria. (Mchangiaji mmoja juu amesema wanazunguka mara saba. Kwa Wagujarati ni mara nne. Saba utaziona kwa wengi wa kaskazini mwa India, na kwa hawa wenu kuna hatua saba za pembeni, ndiyo maana watu huchanganya.)

Ujanja wa bure: sari nyingi huja na kipande cha blauzi kwenye ncha yake, kama sentimita 80 hivi. Bibi harusi akishashona blauzi nyingine, kile kipande mwombe. Ndicho nilichokitumia kuwaokoa wateja wengi waliokuja wamechelewa. Unakikata unaweka ukanda mwembamba ndani ya kola ya sherwani, au kitambaa cha mfuko wa kifuani, au unazungushia safa mstari mmoja. Watu wanaona "wamefanana" bila kujua ni nini kimefanana. Safa yenyewe inakula karibu mita 9, kwa hiyo usidhani kile kipande kitatosha kilemba kizima.

Kuhusu joto. Januari ya Dar unaijua. Tarehe 14 Januari wakishamaliza sikukuu yao ya Uttarayan, kile kipindi chao cha mwezi mmoja wasichofungia ndoa kinakuwa kimekwisha, ndiyo maana harusi zinamiminika mwisho wa mwezi, kwenye fukuto lenyewe. Sherwani nyingi zinazotoka India kwa msimu huo zimeshonwa kwa ajili ya baridi ya Delhi. Mahameli hapana. Kama mmeshaipenda, mletee fundi atoe bitana ya plastiki aweke pamba nyembamba, na chini avae fulana. Rangi ya pembe ikilowa jasho mgongoni inaonekana hadi lango la ukumbi, na mdogo wako atacheza barabarani na jaan yake (msafara wa bwana harusi) kabla hata hajaingia. Suruali nayo, ile churidari ya kubana miguu, aijaribu akiwa amekaa chini amekunja magoti. Akisimama tu mbele ya kioo hajajaribu kitu. Nimeshona mapaja ya watu wakiwa wameivaa, nyuma ya pazia, pandit anaita.

Viatu atavivua kabla ya kupanda mandapuni na wadogo zake binti wataviiba ili walipwe kuvirudisha. Nunua mojari za zari sawa na za kola, ila asiweke moyo. Akiwa peku pindo la suruali ndilo litakaloonekana kwenye picha, kwa hiyo lishonwe vizuri kuliko mnavyofikiria. Na mama mkwe akimpokea mlangoni atajaribu kumshika pua, hilo halihusiani na nguo, nakwambia tu asishtuke akaangusha kilemba.

Sherehe nyingine nitapita haraka. Siku ya manjano, wanaita pithi, kila mmoja anapakwa kwao, kwa hiyo kumlinganisha nani na nani? Avae kurta (kanzu fupi) ya pamba ya bei ya chini, ya njano. Nguo hiyo haitapona. Hina, kurta ya kijani au rangi yoyote tulivu, basi.

Usiku wa garba, ngoma yao, ndipo mcheze na rangi mtakavyo. Binti atakuwa na chaniya choli, sketi yenye vioo na rangi sita saba kwa pamoja. Mchagulie mdogo wako rangi moja kati ya hizo, tena ile ndogo kabisa, iliyoko kwenye uzi wa tarizi au kwenye vishada, na umshonee kizibao cha rangi hiyo juu ya kurta nyeupe. Inapendeza kuliko kumvisha rangi kuu ya sketi. Usiweke nyuzi zinazoning'inia mikononi, zile fimbo za kuchezea, dandiya, zinazinasa.

Hafla ya mwisho wengi wanavaa suti au koti la bandhgala, lile la kola iliyofungwa shingoni. Hapo mara nyingi binti anahamia kwenye fedha na vito vyeupe. Basi na vifungo, saa na buckle ya mkanda viwe vya fedha. Watu wanahangaika na rangi ya tai halafu mkono una saa ya dhahabu inayong'aa peke yake ukumbi mzima.

Kuna aliyekushauri wavae wote rangi hafifu "kama mastaa". Najua picha anazozisema. Tangu Anushka Sharma na Virat Kohli wafunge ndoa Italia Desemba 2017, yeye na lehenga ya waridi lililopauka, bwana na sherwani ya pembe na safa ya waridi, kila mteja wa tatu ananiletea picha ile. Mwaka 2022 Alia Bhatt na Ranbir Kapoor wakavaa rangi ya pembe wote wawili, nikaletewa na hiyo. Ni nzuri kweli. Angalia lakini kwamba kwa akina Anushka kilichowaunganisha ni kilemba, koti lilibaki pembeni, ule mpango wa safa niliokutajia. Na kabla hamjamvisha binti wa watu rangi ya pembe tupu isiyo na wekundu, muulizeni bibi yake. Kwa Wahindu wa umri ule nyeupe isiyo na wekundu ni ya msiba na ya ujane. Panetari ni nyeupe, sawa, lakini ule upindo mwekundu haupo pale kwa bahati mbaya.

Na ninyi akina shangazi wa Tanga mnaopanga sare: nyekundu muachieni mwenyewe, nyeusi iacheni nyumbani siku ya ndoa. Kijani cha chupa, zambarau, bluu ya tausi, vyote vinakaa vizuri nyuma ya mandapu. Kitenge hakina tatizo, wakwe wenu watakipenda, ila chagueni chenye mng'ao wa dhahabu kidogo.

Haya yote nimeyasema kwa Wagujarati Wahindu. Kama kuna msomaji anaoa kwa Masingasinga, Mabohora, Makhoja au Magoa, taratibu na nguo ni nyingine kabisa, asichukue yangu akaenda nayo gurdwara (hekalu la Masingasinga) bila hata kitambaa cha kichwani.

Kesho mpigie binti. Mwambie asikutumie picha tena, akutumie kipande cha kitambaa chenye upindo, hata kiwe kidogo kama vidole viwili, kwenye bahasha. Mwambie pia akuulizie kwa mama yake habari ya garchola kabla hujaulizwa wewe. Kikishafika hicho kipande, kipige picha juani, saa nne asubuhi, pembeni ya sherwani unayoitaka, viganja juu ya rangi, halafu uniwekee hapa nitazame.