Kabla ya Jackie Robinson alikuwepo Fleet Walker
Ndugu yangu, umeuliza kama Jackie Robinson ndiye mweusi wa kwanza kucheza besiboli ya ligi kuu Marekani. Hapana. Moses Fleetwood Walker alimtangulia kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1884 aliichezea timu ya Toledo, iliyokuwa ligi kuu, mechi 42, akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Siku hizo mdakaji hakuwa na glavu nene kama za leo, na Walker mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Tony Mullane, mrushaji wa timu yake mwenyewe. Baadaye Mullane alikiri kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kucheza nao, ila kwa chuki ya rangi alipuuza ishara zake za kumwonyesha mpira gani arushe, akarusha alivyotaka. Hebu fikiria: mpira unakujia kwa kasi, hujui utapinda wapi, na aliyeurusha ni mwenzako!

Mdogo wake Walker, Weldy, naye aliichezea Toledo mwaka huohuo, mechi chache tu. Walker aliendelea katika ligi za chini, akamalizia timu ya Syracuse mwaka 1889. Robinson aliingia ligi kuu 1947.