Maswali ya Wasomaji: Wasichana Wamejaa Darasani, Mbona Barazani Hawapo?

Barua tatu zilizotufikia kutoka Tabora na Kigoma zinagusa jambo moja, nalo ni kile ambacho viongozi wa vyuo vikuu wanaweza kukifanya ili wanawake wapate nafasi ya kweli katika vyuo hivyo, si kama wanafunzi tu bali pia kama wahadhiri na watoa maamuzi. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi pamoja na ya vyuo vyao.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa baraza la chuo kimoja hapa Tabora. Tunayo sera ya jinsia iliyopitishwa bila kupingwa, na kila ifikapo Machi 8 chuo huwanunulia wafanyakazi wanawake vitenge vya sare kwa ajili ya maandamano. Hata hivyo, katika kamati zetu nyingi utamkuta mwanamke mmoja, naye ndiye anayeandika muhtasari. Tukitangaza nafasi za uhadhiri, ofisi ya rasilimali watu hutuambia kwamba wanawake hawaombi. Je, kiongozi wa chuo afanye nini zaidi ya kutangaza?
*Mjumbe wa Baraza, Tabora Mjini*

JIBU: Ndugu Mjumbe, tuanze na hilo la kusema kwamba wanawake hawaombi, kwa kuwa ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi kuliko zote na ndiyo inayochunguzwa kwa uchache kuliko zote. Mhadhiri haokotwi siku ya tangazo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, anayetaka kuanza ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo kikuu anapaswa kuwa na wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, kisha apite uzamili, kisha uzamivu, na safari hiyo humchukua mtu miaka mingi ya ujana wake. Maana yake ni kwamba idadi ya wanawake wanaoweza kuomba uhadhiri leo iliamuliwa zamani, siku mkuu wa idara alipochagua wahitimu wa kubaki chuoni na siku kamati ilipoamua nani aende masomoni kwanza. Kiongozi anayeanza kutafuta wanawake baada ya tangazo kubandikwa amechelewa. Anachoweza kufanya ni kuwaagiza wakuu wa idara wamletee kila mwaka, kabla ya mahafali, orodha ya wasichana wa mwaka wa mwisho waliofikia alama hizo, kisha wasichana hao waitwe mmoja mmoja na kuelezwa kwamba njia ipo na ufadhili unaombwa wapi. Mkoa wenye shule ya vipaji maalumu kama Tabora Wasichana hauwezi kusema kwamba vichwa vimekosekana.

Hatua ya pili ni chumba cha usaili. Wasomaji kadhaa wamewahi kutuandikia kwamba waliulizwa, "Mumeo anafanya kazi wapi? Akihamishwa Mwanza utatuacha?" Mwanamume aliyekaa kwenye benchi lilelile hakuulizwa habari za mkewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia, na katazo hilo linamhusu mwombaji wa kazi pia. Kwa hiyo Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji mkuu, hahitaji semina ya siku tatu hotelini kulimaliza suala hili. Waraka wa aya moja kwa kamati zote za ajira, unaotaka maswali yaandikwe mapema na waombaji wote waulizwe yaleyale, unatosha.

Kisha linakuja suala la kupanda cheo, na hapa ndipo wanawake wengi wanapopotelea. Sheria hiyohiyo inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo inamruhusu kutoka kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Vyuo huzitoa siku hizo bila ubishi. Tatizo ni kwamba fomu ya kupandishwa cheo huhesabu machapisho na miaka kana kwamba likizo haikuwapo, na mkataba wa masomo ya uzamivu humdai arudi tarehe ileile. Baraza lako, Ndugu Mjumbe, lina uwezo wa kubadilisha kanuni hiyo katika kikao kimoja, kwa kuamua kwamba mtumishi aliyejifungua akiwa masomoni au akiwa anasubiri kupanda cheo ataongezewa muda bila kuandika barua ya kujitetea.

Kuna mfano wa Marekani ambao kila kiongozi wa chuo angefaa kuujua. Katika MIT, taasisi ya elimu ya juu ya sayansi na teknolojia, profesa wa biolojia aitwaye Nancy Hopkins alihisi kwamba amepewa maabara ndogo kuliko wanaume wa cheo chake, na alipolalamika hakusikilizwa. Akachukua futi kamba, akaanza kupima maabara za wenzake chumba baada ya chumba, na vipimo vikathibitisha alichokuwa akikisema. Wakati huo, mwaka 1994, kitivo cha Sayansi kilikuwa na maprofesa wa ajira ya kudumu wanaume 194 na wanawake 15. Wanawake hao waliungana, mkuu wa kitivo akaunda kamati, na ripoti ilipotoka mwaka 1999 rais wa taasisi, Charles Vest, aliikubali hadharani badala ya kuifungia kabatini. Mimi naona uzito wa kisa hiki uko kwa kiongozi huyo kuliko kwenye futi kamba, kwa sababu vipimo vilikuwapo kabla yake na havikuwa vimebadilisha kitu. Katika chuo chenu, cha kupima si maabara peke yake: pimeni nani anapewa ofisi ya peke yake, nani anafundisha madarasa ya wanafunzi mia tatu, nani anasimamia wanafunzi wa uzamili, nani anasafiri kwa fedha za utafiti, na nani anatumwa kuandaa chai ya wageni.

Kuhusu huyo mwanamke mmoja anayeandika muhtasari, jibu ni fupi. Kazi ya kuandika muhtasari izunguke kwa wajumbe wote, na uenyekiti nao uzunguke. Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Utekelezaji wake umesuasua hadi bungeni kwao, lakini hakuna kinachozuia baraza la chuo cha Tabora kujiwekea kiwango kama hicho kwa kamati zinazoteuliwa na Makamu Mkuu wa Chuo kwa kalamu yake mwenyewe. Vilevile angalieni saa za vikao. Kikao kinachoanza saa kumi alasiri na kuendelea hadi baada ya magharibi humlazimisha mama mwenye mtoto mchanga kuchagua, na wenzake wakishaamua ugawaji wa fedha za utafiti yeye akiwa kwenye bodaboda kuelekea Isevya, hawezi kuambiwa kesho yake kwamba alishirikishwa.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mzazi wa Ujiji. Binti yangu anasoma chuo mkoa wa jirani, na amenieleza kwa kulia kwamba mwalimu mmoja amemwambia wazi kuwa somo lake halitapita mpaka "aonane naye" nyumba ya wageni. Anaogopa kusema kwa kuwa anayepokea malalamiko ni mkuu wa idara, rafiki wa mwalimu huyo. Hao wakubwa wa vyuo hawayaoni haya?
*Mzazi, Ujiji, Kigoma*

JIBU: Marahaba, na pole sana mzazi. Kwanza, jambo hilo ni kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kutoa huduma au haki, na alama za mtihani ni haki. Mwambie binti asifute ujumbe wowote wa simu, aandike tarehe na maneno aliyoambiwa, wala asiende kwenye nyumba hiyo ya wageni kwa nia ya kumtega mwalimu akiwa peke yake. TAKUKURU ina ofisi katika kila mkoa, na mitego ni kazi yao. Nawe uende naye, maana mtoto aliyeambatana na mzazi wake husikilizwa kwa namna nyingine.

Sasa kuhusu wakubwa. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume, na tangu wakati huo hakuna kiongozi wa chuo nchini anayeweza kudai kwamba hakuambiwa uzito wa unyanyasaji. Siku hizi vyuo vingi vina dawati la jinsia, na hilo ni jema, ila dawati linaloongozwa na mtu anayepangiwa kazi na mtuhumiwa halimsaidii binti yako. Kiongozi makini huliweka dawati liripoti moja kwa moja kwake au kwa baraza, huweka ndani yake mtu kutoka nje ya chuo, na hutangaza kwa wanafunzi kwamba mlalamikaji anaweza kumruka mkuu wa idara.

Hata hivyo dawati hushughulikia yaliyokwisha kutokea. Kinachopunguza nguvu ya mwalimu wa namna hiyo ni utaratibu wa mitihani. Ikiwa karatasi inasahihishwa kwa namba bila jina, ikiwa mwalimu wa pili anapitia sampuli pamoja na karatasi zote zilizofeli, ikiwa alama za mazoezi zinabandikwa kabla ya mtihani wa mwisho, na ikiwa mwanafunzi anaweza kuomba karatasi yake isahihishwe upya na mtu mwingine, basi yule anayetishia kwamba "hutapita" hana cha kutishia. Penye mwanya zaidi ni usimamizi wa tafiti, kwa sababu huko mwanafunzi humtegemea mtu mmoja kwa miezi mingi. Wasimamizi wawe wawili, mikutano ifanyike chuoni saa za kazi, na mwanafunzi aruhusiwe kubadilishiwa msimamizi bila kutakiwa kueleza sababu mbele ya kikao cha watu kumi. Tuhuma ikishafika, mwalimu aondolewe kwenye usahihishaji wa karatasi za mlalamikaji wakati uchunguzi ukiendelea. Huko si kumhukumu, kwani anabaki na mshahara na cheo chake. Kuna watu watakaosema kwamba mabinti huvaa vibaya. Sitapoteza wino hapo.

SWALI: Mimi ni mhadhiri mwanaume, Tabora. Sipingi wanawake kusoma, lakini kuwapunguzia alama za kujiunga si kushusha kiwango cha elimu na kuwadhalilisha wao wenyewe?
*Mhadhiri, Tabora*

JIBU: Ndugu Mhadhiri, hoja yako inastahili jibu la heshima. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kudahiliwa. Pointi hizo ziliishia mlangoni, kwa kuwa ndani ya chuo mtihani ulikuwa mmoja kwa wote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kuanzia miaka ya 1990, kiliwachukua wasichana waliokosa kidogo sifa za kuingia masomo ya sayansi, kikawapa mafunzo ya awali, kikawapima, na waliofaulu ndio walioingia. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa mikoa yetu, kwa kuwa inamwongezea msichana maarifa na pia inamwondolea maneno ya darasani.

Udhaifu wa pointi za Makerere ulikuwa kwingine: wakosoaji walionyesha kwamba walionufaika zaidi ni wasichana waliokwisha kusoma shule nzuri. Ukitoa upendeleo bila kuangalia msichana anatoka wapi, utamwongezea aliyesoma mjini na kumwacha wa Kaliua au Kakonko aliyesoma fizikia bila maabara. Kuna pia wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliotangazwa na Profesa Joyce Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu, naye ni mtu wa Kasulu. Waraka huo ulihusu shule, lakini wanaomaliza kidato cha sita wanakuja kwenu wakiwa na watoto wa miaka miwili na mitatu. Hosteli ya chuo haimpokei mtoto, na chumba cha kupanga Kanyenye kinataka kodi ya miezi sita mbele. Kabla hamjajadili alama tena kwenye seneti, muulizeni mshauri wa wanafunzi ni wangapi walioahirisha masomo mwaka huu kwa sababu hiyo, kisha bajeti ya mwaka ujao ionyeshe chumba cha kulelea watoto.