Kingo za stika zinanyanyuka: nizigandishe au nizibandue?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni jekundu. Miaka miwili iliyopita nilibandikiwa mistari miwili ya stika nyeusi, inaanzia kwenye boneti, inapita juu ya paa hadi buti, na ubavuni kuna mchoro. Sasa kingoni kumetokea utando mweupe, na pembe moja ya mstari wa boneti imeanza kunyanyuka. Gari naliosha kwa mashine ya presha na kulipaka waksi kila mwezi. Jirani ananiambia nitie supaglu kwenye ile pembe. Je, nimsikilize? Na stika hizi hudumu kwa muda gani?

JIBU: Nzuri, ndugu. Supaglu irudishe kabatini kwanza, kisha tuzungumze.

Gundi iliyo chini ya stika imetengenezwa ibaki laini, ili ifuate bati linapotanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Stika itachanikia kandokando ya lile tone, na siku ya kuibandua tone litabaki limeng'ang'ania rangi. Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo. Stika zenyewe zilitoka kwa nusu saa, lakini matone ya supaglu yalinila siku nzima ya msasa, na mwishowe ilibidi boneti ipakwe rangi upya.

Sasa huo utando mweupe. Upitishie ukucha. Ukipukutika kama chokaa, ni waksi yako mwenyewe iliyokauka. Stika nzuri ya gari ina unene wa mikroni 50 hivi, wembamba wa unywele, lakini hata kimo hicho ni kizingiti tosha: kila kitambaa cha waksi kinapopita, mabaki yanakwama hapo. Changanya spiriti sehemu mbili na maji sehemu moja, tumia mswaki laini, na usugue kutoka katikati ya stika kwenda nje. Ukisugua kinyume chake, utaunyanyua ukingo unaotaka kuuokoa.

Kama badala ya chokaa umekuta mstari mwembamba mweusi unaonata, hiyo ni habari nyingine: stika imesinyaa, imeacha gundi wazi, na gundi imekamata vumbi. Hapo kosa si la uoshaji wako. Stika za vinaili, yaani hizi za plastiki laini, ni za aina mbili. Kuna ile inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa. Hiyo hutulia, haina haja ya kurudi popote. Na kuna ile inayobanwa kati ya rola za moto hadi ikawa nyembamba. Hiyo ni ya bei rahisi na ni nene kidogo, lakini ilivutwa kwa nguvu, na jua likiipiga inataka kurudi ilikotoka. Ikishaanza kusinyaa, unaweza kufuta vumbi tu, na vumbi litarudi.

Waksi ya kila mwezi ipunguze. Nyingi zina viyeyusho vya mafuta ya petroli, navyo hupenya kwa pembeni na kulegeza gundi. Tafuta ya kupaka isiyo na viyeyusho hivyo, ipake kwa mkono, na uishie kabla ya kufika ukingoni. Kama mistari yako ni ile isiyong'aa, usiipake waksi kabisa, maana utapata mabaka ya mng'ao ambayo hayaondoki kirahisi. Kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, na mashine ya kung'arishia zisiguse stika hata kidogo.

Mashine ya presha si mbaya kama watu wanavyodhani. Ubaya uko kwenye mkono unaoishika. Tumia ncha inayotawanya maji kama feni, kwa upana wa pembe ya nyuzi 40 hivi, simama angalau sentimita 30 kutoka kwenye gari, presha isizidi psi 2,000, yaani kama baa 138, na maji yaipige stika kwa kuielekea moja kwa moja. Maji yakija kwa mshazari yanaingia chini ya ukingo kama kisu. Hiyo pembe iliyonyanyuka ioshe kwa mkono tu, kivulini, kwa sabuni laini. Kinyesi cha ndege na petroli iliyomwagika kifunikoni usivingojee siku ya kuosha, futa papo hapo.

Tuje kwenye pembe. Osha, kausha, kisha inyanyue kidogo uchungulie. Gundi ikiwa bado safi na inanata, futa rangi iliyo chini yake kwa spiriti, acha ikauke, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele hadi stika iwe ya moto ila mkono unavumilia, kisha ikandamize kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa, ukitoka ndani kwenda nje. Usiimwagie maji kwa siku mbili. Ukiona vumbi limeshakamatana na gundi, hapo hapabandiki tena. Kata kipande kilichonyanyuka kwa mkasi, na uikate pembe iwe ya mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayonaswa na kila kitambaa. Nasema mkasi, si wembe: wembe ukipenya rangi hadi kwenye bati, utakuwa umekaribisha kutu.

Kuhusu muda, usitegemee gari zima lichakae pamoja. Boneti na paa vinalitazama jua siku nzima, na boneti inapata pia joto la injini, hivyo huchoka mapema kuliko ubavu. Ukiona weusi unageuka kijivu na nyufa ndogondogo zinatokea, bandua hiyo ya boneti sasa hivi hata kama ubavuni kungali kuzuri. Stika iliyokauka hutoka vipande vya ukubwa wa ukucha, na utaijutia. Ipashe joto, ivute polepole ukiilaza karibu na bati badala ya kuivuta wima, na mabaki ya gundi yatoe kwa spiriti. Thina usiiguse. Kama boneti ilishawahi kupakwa rangi upya gereji, nenda taratibu zaidi, maana rangi ya namna hiyo huweza kutoka pamoja na stika.

Na ujiandae kuona mistari hata baada ya kuitoa. Rangi nyekundu hufifia kwa jua, na ile iliyokuwa chini ya stika imebaki imekolea. Kung'arisha kunapunguza tofauti, mara nyingine hakuimalizi, ndiyo maana wateja wangu wengi huishia kubandika mistari mipya palepale.