Intaneti inalegea kila jioni: nihamie kampuni nyingine?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Bel-Air, Lubumbashi. Ninalipia intaneti ya megabiti 10. Asubuhi inaenda vizuri, lakini jioni watoto wakitaka kusoma, video haifunguki. Nikipiga simu naambiwa kila mara: zima modemu, ngoja, washa. Jirani anasema nihame. Nihame?

Jibu: Mama, usihame bado. Kwanza ujue ugonjwa uko wapi, maana ukiwa ndani ya nyumba yako utahama nao.

Unganisha kompyuta na modemu kwa waya, si kwa Wi-Fi. Pima kasi saa 12 asubuhi na saa 2 usiku, siku tatu mfululizo, simu zote za nyumbani zikiwa zimetolewa kwenye mtandao. Andika kila kipimo kwenye daftari. (Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Ukiona faili inashuka kwa kasi hiyo, umepewa haki yako.)

Usiku kwa waya kasi ikiwa nzuri, shida ni Wi-Fi. Kuta za matofali hudhoofisha mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Iondoe modemu kwenye kona, iweke juu, katikati ya nyumba. Lakini kwa waya asubuhi ikiwa megabiti 9 na usiku 2, mara nyingi wateja wamejazwa kwenye njia isiyowatosha. Hapo kuzima na kuwasha hakusaidii kitu.

Sasa piga simu, wasomee vipimo, na uombe namba ya malalamiko. Namba hiyo usiiache. Mimi mwenyewe, fundi wa mitandao, niliwahi kukaa siku 11 bila intaneti nyumbani: kila siku sauti nyingine, kila siku naanza kueleza upya, kwa sababu sikuomba namba siku ya kwanza. Iliniuma sana.

Wakishindwa kukujibu hata ukiwa na vipimo mkononi, hama. Ila hiyo kampuni mpya ipigie Jumamosi jioni, kabla hujatoa hata franka moja. Wasipopokea simu ya mtu anayetaka kununua, ya mteja aliyekwisha kulipa wataipokea lini? Uliza umeme wa SNEL ukikatika mnara wao unaendelea kufanya kazi kwa muda wa saa ngapi. Uliza waya ukikatika barabarani Jumapili, fundi anakuja lini. Bei iulize mwisho.

Kama ni antena ya juu ya paa, fundi apande auone mnara kwa macho yake. Mwembe wa jirani, majani yakilowa mvua, unaweza kuziba mawimbi. Antena iliyofungwa Agosti, wakati wa kiangazi, ikiwa inafanya kazi vizuri inaweza kukusumbua ifikapo Januari, wakati wa mvua.

Lipa mwezi mmoja tu, hata wakikupunguzia bei ya mwaka mzima. Na ile intaneti ya zamani usiikate mpaka hii mpya ipite wikendi mbili.