Hujawahi Kupata Korona, au Hujawahi Kupimwa?

Majuzi niliandika katika safu hii kwamba karibu kila mtu mzima nchini Kenya ameshaambukizwa Korona angalau mara moja, na kwamba wengi wao hawana habari. Simu haijatulia tangu siku hiyo. Wapo waliokubali, wapo walionitukana kwa adabu, na msomaji mmoja wa Ahero aliahidi kuniombea. Haya hapa baadhi ya maswali. Mnaoniita daktari, nawaomba muache: mimi ni mtu wa maabara. Damu na makamasi ndiyo kazi yangu, dawa huandikwa na wengine.

Hesabu hizo umezitoa wapi? Serikali ilisema walioambukizwa ni laki tatu na kitu. Sisi tumepita milioni hamsini. (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, hesabu ya serikali haina kasoro, ila ilikuwa inahesabu kitu kingine. Walioandikwa kuwa na Korona nchini ni takriban 344,000, na waliokufa ni zaidi ya 5,600. Sensa ya 2019 ilitupata tukiwa milioni 47.6. Gawanya mwenyewe: walioandikwa hawafiki hata mmoja katika kila watu mia. Lakini ili uandikwe ilibidi kwanza upimwe. Na waliopimwa ni akina nani? Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni za Busia na Malaba mwezi Mei 2020, abiria wa ndege, waliolazwa hospitalini, na watu waliokaa karibu na mgonjwa aliyejulikana. Mkulima wa Lurambi aliyekohoa siku nne, akanywa maji moto na kurudi shambani, huyo hakuna daftari linalomjua.

Ndiyo maana watafiti wakaamua kutazama damu. Mwili ukishapambana na virusi huacha kingamwili, yaani protini za ulinzi katika damu, na hizo zinaweza kuonekana miezi mingi baadaye hata kama mwenyewe hakuhisi chochote. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalogharamia utafiti wa afya, walichukua mabaki ya damu iliyochangwa kwa ajili ya wagonjwa, ikiwemo ile ya vituo vya Kisumu na Eldoret, wakaipima. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 walikuta kingamwili za Korona kwa asilimia 4.3, wakati wagonjwa walioandikwa nchi nzima walikuwa maelfu machache tu. Walipopima tena kati ya Januari na Machi 2021, wakakuta asilimia 48.5. Karibu nusu! Na usiniambie ni chanjo, kwa sababu shehena ya kwanza ya AstraZeneca ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021.

Sasa tazama kalenda. Nusu hiyo ilikuwa imeshaambukizwa kabla ya aina ya Korona iitwayo Delta kuupiga ukanda wetu wa Ziwa Victoria katikati ya mwaka huo, na kabla ya aina nyingine, Omicron, iliyoingia mwisho wa mwaka na kusambaa haraka kuliko zote zilizoitangulia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kufikia Septemba 2021 takriban asilimia 65 ya Waafrika walikuwa wameshaambukizwa. Omicron ilikuwa bado haijapewa hata jina.

Ninauza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Juni 2021 nilishikwa na homa, nikapimwa nikakutwa na malaria, nikameza dawa, nikapona. Lakini kwa wiki kama mbili omena haikuninukia kabisa. Nilikuwa nikiwaambia wateja mzigo wa safari hii ni safi ajabu. Ilikuwa nini? (Mama Omena, Kisumu)

Mama, mzigo ulikuwa ule ule. Pua yako ndiyo iliyokwenda likizo.

Mafua ya kawaida yanaziba pua, kwa hivyo harufu haipiti. Korona ya wakati ule ilifanya jambo tofauti: ilishambulia seli zinazohudumia mishipa ya kunusa, huko juu kabisa ndani ya pua. Unapumua vizuri, kamasi hakuna, na omena imeanikwa mbele yako haisemi kitu. Malaria haifanyi hivyo. Na mwezi wenyewe unaujua? Ni ule ule wa sherehe za Madaraka pale Mamboleo, Kisumu, ambao baadaye serikali ilitangaza kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na majirani zake kuwa eneo la hatari na kuturudisha ndani saa moja jioni. Mtu aliyepoteza harufu ghafla Kisumu wakati huo bila pua kuziba, mimi nitamhesabu kuwa alipata Korona, cheti asiwe nacho.

Utauliza: na ile malaria je? Hapa ndipo watu wengi wa kwetu walipopotezwa njia, kwa hivyo nivumilie kidogo. Kile kipimo cha zahanati unakijua: unadungwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kishimo cha kwanza cha kile kibao cheupe, matone ya dawa kwenye cha pili, mnangoja kama robo saa. Mstari mmoja, huna. Miwili, unayo. Mstari wa pili unaonyesha kuwa kuna protini ya vimelea vya malaria katika damu. Hauonyeshi kwamba ndivyo vilivyokuletea homa ya leo. Protini hiyo hukaa damuni wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa kwa dawa. Tena katika eneo la ziwa watu wengi hutembea na vimelea bila kuugua: utafiti wa kitaifa wa 2020 ulivikuta kwa asilimia 19 ya watoto wa eneo hili, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa asilimia 6. Kwa hivyo mtu angeweza kuingia kliniki akiwa na Korona kifuani na vimelea vya zamani damuni, atoke na pakiti ya dawa za malaria, apone baada ya siku tano kama ambavyo angepona hata bila hizo dawa, na aape hadi leo kwamba ilikuwa malaria. Sisemi kipimo kilidanganya. Kiliulizwa swali moja, kikajibu hilo hilo.

Huko Nakuru kwenye baridi ambako malaria ni chache, wenzetu waliita kila kitu homa ya vumbi. Mwisho wake ni ule ule.

Nimekuwa makanga wa matatu za Nakuru kwenda Eldoret tangu kabla ya Korona. Barakoa nilikuwa naivuta nikiona polisi. Sijachanjwa na sijaugua hata siku moja. Damu yangu ni ya aina gani? (Makanga, Nakuru)

Ndugu yangu, kwa kazi hiyo na barakoa hiyo ya polisi, ningeshangaa sana kama virusi vilikukosa. Kutougua ni jambo moja, kutoambukizwa ni jingine. Wale madereva wa malori niliowataja, wengi waliokutwa na virusi mpakani walikuwa wazima wa kuendesha usiku kucha, na baadhi yao waligombana na wapimaji kwa sababu hawakusikia hata mafua.

Kwa nini wengine hawasikii kitu? Ujana unachangia sana. Damu nayo ina sehemu yake, kwa hivyo hukukosea kuuliza. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba watu waliorithi aina fulani ya chembe za urithi, inayoitwa HLA-B*15:01, walikuwa na nafasi zaidi ya maradufu ya kuambukizwa bila dalili yoyote. Walioirithi kwa baba na kwa mama pia, zaidi ya mara nane. Inaonekana seli zao za ulinzi zilikuwa zimeshazoea virusi vya mafua vya ukoo huo huo wa Korona, zikaitambua mapema. Utafiti huo ulihusu hasa Wamarekani weupe, kwa hivyo usiende kujisifu steji kwamba unayo.

Ila kuna jambo ambalo hukuuliza. Asiye na dalili anaambukiza pia. Jioni ulikuwa ukirudi kulala kwa nani?

Naweza kupimwa leo nijue kama niliwahi kuipata? (Karani, Bungoma)

Utapoteza pesa zako. Kijiti cha puani kinatafuta virusi vilivyopo sasa, hakijui habari za 2021. Kipimo cha kingamwili ndicho kinachotazama nyuma, na kina matatizo mawili. Ukiwa umechanjwa AstraZeneca, Moderna, Pfizer au Johnson & Johnson, una kingamwili dhidi ya ile miiba ya nje ya virusi, kwa hivyo kipimo cha miiba hakitakwambia kama zilitoka kwa sindano au kwa ugonjwa. Kipo kingine kinachotafuta kingamwili za protini ya ndani ya virusi, ambayo chanjo hizo hazina, lakini aliyechanjwa Sinopharm huweza kuonekana nazo kwa sababu chanjo ile ilitengenezwa kwa virusi vizima vilivyouawa. Tatizo la pili ni muda: kingamwili hizo za ndani hupungua, na kwa watu wengine hushuka mpaka kipimo hakizioni. Ukiambiwa huna, haina maana hukupata.

Na watoto? (Mama wa watatu, Molo)

Uwezekano ni mkubwa kuliko wako. Marekani, ambako waliwapima, kufikia Februari 2022 takriban asilimia 75 ya watoto walikuwa na alama za maambukizi katika damu, wakati kwa watu wote ilikuwa asilimia 58. Wako walirudi madarasani Januari 2021. Nadhani umenielewa.

Walituambia tutaokota maiti barabarani. Kama sote tulipata, mbona tupo? Si ina maana yalikuwa mafua tu? (Mzee, Webuye)

Mzee wangu, nusu ya kwanza ya swali lako ni nzuri na jibu lake ni umri. Ugonjwa huu huchagua: kijana wa miaka 20 na mzee wa 75 wakiambukizwa siku moja, hatari ya kifo kwa mzee ni mamia ya mara kuliko ya kijana. Italia, karibu robo ya watu wana miaka 65 na zaidi. Hapa kwetu, kwa sensa ya 2019, hawafiki wanne kwa mia, na robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya miaka 35. Waliotutabiria walitupigia hesabu ya kwao.

Nusu ya pili siikubali. Mafua hayakujaza wodi za Kisumu Juni 2021, wala hayakufanya mtungi wa oksijeni utafutwe kama dhahabu. Uliza familia zilizoamriwa kuzika ndani ya saa 72, bila ngoma za usiku za disko matanga, bila kungoja jamaa wa Mombasa wafike. Na kama ambavyo wagonjwa hawakuandikwa wote, ndivyo na waliokufa. Dunia nzima, vifo vilivyoandikwa kuwa vya Korona kwa miaka ya 2020 na 2021 vilikuwa milioni 5.4. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu vifo vyote vilivyozidi kawaida, likapata takriban milioni 14.9. Wazee waliofia nyumbani Bungoma na Siaya, ikaandikwa presha au isiandikwe kitu, wamo katika pengo hilo.

Desemba 2019 nilikuwa na kikohozi ambacho sijawahi kukiona. Nina hakika ilikuwa Korona kabla haijatangazwa. (Mwanafunzi wa zamani, Njoro)

Hili nimeulizwa na watu wengi kuliko yote, na jibu langu ni hapana, kwa uhakika wa kutosha. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tuseme kilichelewa kugunduliwa. Lakini kama virusi vingekuwa vinazunguka Njoro tangu Desemba, kufikia Mei damu za wachangiaji zingekuwa zimejaa kingamwili. Zilikuwa asilimia 4.3. Virusi hivi havikai miezi mitano vikisubiri ruhusa. Wewe ulipata mafua makali, ambayo nayo hayana haya.

Mama mkwe anasema kilichotukinga ni mwarubaini na kujifukiza. (Mrs, Ugunja)

Usigombane naye. Mvuke hulainisha kifua, tangawizi na limau hutuliza koo, na hakuna kati ya hivyo kinachozuia virusi kuingia. Mliingiwa mkapona. Ila sufuria la maji yanayochemka liwe mbali na watoto.

Dada yangu wa Vihiga aliugua 2021 na tangu hapo anachoka hovyo, akipanda kilima anahema. Inaweza kuwa ni ile Korona bado? (Kaka mtu, Nakuru)

Inaweza. Uchovu, kuhema na akili kusahausahau huweza kubaki kwa miezi au miaka, na si lazima mtu awe alilazwa. Shirika la Afya Duniani linatambua hali hiyo pale dalili zinapokuwepo miezi mitatu baada ya maambukizi, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna maradhi mengine yanayozieleza.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlisikilize, kwa sababu hakuna kipimo cha maabara cha kuthibitisha kwamba ni mabaki ya Korona. Kinachofanyika ni kuondoa mengine kwanza. Apimwe wingi wa damu, sukari, presha na HIV, na daktari amsikilize moyo. Na kama anakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, anapungua uzito au analowa jasho usiku, apeleke makohozi yapimwe kifua kikuu katika kituo cha serikali, ambako kipimo na dawa ni bure. Tumeona watu wakikaa nyumbani na TB wakiilaumu Korona. Aende asubuhi, na akohoe kutoka kifuani. Mate hayatusaidii.