Hesabu kwanza, jina baadaye: kwa mnaoanza kutambua samaki wa bahari za Korea

Mwaka wangu wa kwanza Busan niliandika vibandiko vya ndoo nzima ya samaki wachanga, na wote nikawaita Lateolabrax maculatus. Sababu yangu ilikuwa moja tu: walikuwa na madoa meusi ubavuni. Nilikuwa nimesoma kwamba mwenye madoa ndiye huyo, Wakorea wanamwita jeomnongeo, na asiye na madoa ni nongeo wa kawaida, Lateolabrax japonicus. Seonbae wetu mmoja, ndivyo anavyoitwa huko aliyekutangulia masomoni, akamwinua samaki mmoja akaniuliza ana urefu gani. Nikapima. Hakufika shibiri. Akaniambia kwamba nongeo wa kawaida naye huwa na madoa akiwa mdogo, kisha yanafutika kadiri anavyokua. Ndoo nzima ikarudi mezani, na mimi nikarudi kuhesabu.

Nawaandikia wadogo zangu mnaokuja nyuma yetu, na hasa ninyi mliokulia pwani kama mimi. Mtu aliyezaliwa karibu na diko anamjua samaki kwa kumtupia jicho: huyu changu, yule nguru, hao vibua. Ujuzi huo ni mali, msiuache nyumbani. Lakini jicho hilo limefundishwa na bahari yetu, na kule linakimbilia jina kabla mkono haujahesabu.

Kabla ya chochote, uliza samaki katoka bahari ipi, maana Korea ina tatu na hazifanani. Ya magharibi ni kina kifupi, wastani wa mita 44 hivi, ina tope, na Incheon maji yanapanda na kushuka kwa takriban mita 9. Ya mashariki inashuka zaidi ya mita 3,000, na kupwa na kujaa kwake huwezi hata kukuona vizuri. Kusini kuna visiwa vingi na mkondo wa joto wa Tsushima, ambao ni tawi la Kuroshio, mkondo mkubwa wa joto wa Pasifiki. Samaki asiyejulikana alikovuliwa amekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake.

Sasa kuhesabu. Samaki mlaze kichwa kikiwa kushoto kwako, piga picha angali mbichi kabla rangi haijafa, pima na hesabu upande huo huo wa kushoto. Kipande cha nyama cha kupimia vinasaba kikate upande wa kulia, ili upande wa picha ubaki mzima. Kwenye mapezi, tofautisha mwiba na mwale laini: mwiba ni mfupa mmoja usio na pingili, mwale laini una pingili na mara nyingi unapasuka nchani. Miiba huandikwa kwa namba za Kirumi, miale laini kwa namba za kawaida. Mtu akiona II, 9 anajua umeona miiba miwili na miale tisa.

Mfano mzuri wa faida ya kuhesabu ni samaki wanaoitwa jogi. Chamjogi, Larimichthys polyactis, ndiye anayetiwa chumvi na kukaushwa akaitwa gulbi, na gulbi wa Yeonggwang ni zawadi ya heshima yenye bei ya heshima. Ndugu yake buse, Larimichthys crocea, anafugwa kwa wingi sana China, na ana tumbo la dhahabu vile vile. Wakilazwa pamoja, rangi haikusaidii. Geuka kwenye pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja: chamjogi kwa kawaida ana miale laini 9 au 10, buse mara nyingi 8. Kwa mnunuzi wa gulbi, mwale huo mmoja ni fedha nyingi.

Wala msidhani hesabu ni ya wanafunzi tu. Bollak, samaki mdogo wa miambani anayependwa sana pwani ya kusini, alihesabiwa muda mrefu kuwa spishi moja yenye rangi mbalimbali, Sebastes inermis. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Japani, Kai na Nakabo, walionyesha kwamba ni spishi tatu: inermis, ventricosus na cheni. Rangi ilikuwa inadokeza siku zote. Kilichoipa rangi uzito ni vinasaba pamoja na miale ya pezi la ubavuni, ambayo kwa kawaida ni 15 kwa wa kwanza, 16 kwa wa pili, 17 kwa wa tatu. Wavuvi walikuwa wanawashika wote watatu kwenye ndoo moja.

Majina ya Kikorea yatawasumbua, na hapa nawaomba mwende sokoni mapema. Jagalchi, pale Busan, ndiyo darasa. Wamama wanaouza wanaitwa imo, yaani mama mdogo, na ukimwita hivyo kwa adabu na ukanunua hata samaki mmoja, atakufundisha mengi. Sikilizeni, lakini mwelewe kwamba jina la sokoni linafuata mapishi. Myeongtae ni mmoja tu, Gadus chalcogrammus. Akiwa mbichi ni saengtae, akigandishwa ni dongtae, akikaushwa ni bugeo, akikaushwa kwa baridi ya milimani, akiganda usiku na kuyeyuka mchana, ni hwangtae, nusu mkavu ni kodari, na mtoto wake ni nogari. Majina sita, samaki mmoja. Hata la kisayansi lilibadilika: zamani aliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Theragra, kisha vinasaba vikamrudisha kwa ndugu zake wa Gadus, kwa hiyo kwenye chupa za zamani za maabara mtakuta jina la awali. Kumvua kumepigwa marufuku Korea tangu 2019, kwa hiyo karibu wote mtakaowaona sokoni wametoka nje ya nchi.

Kuna na kinyume chake, jina moja kwa samaki wawili. Mkizi wetu, Mugil cephalus, yuko Korea pia, anaitwa sungeo. Nilipomwona mara ya kwanza nilifurahi kama niliyekutana na jirani. Lakini pwani ya magharibi kuna mwingine, Planiliza haematocheila, ambaye vitabuni ni gasungeo, yaani sungeo bandia, na wenyeji wa huko wanamwita chamsungeo, sungeo wa kweli. Msibishane na mvuvi. Tazameni jicho: huyo wa pili ana jicho la manjano, na mkizi wetu ana utando mnene wa mafuta unaofunika sehemu ya jicho.

Kwa gayogayo, samaki bapa mwenye macho yote upande mmoja, mtafundishwa kanuni ya kijiweni: macho kushoto ni gwangeo, macho kulia ni dodari. Inafanya kazi, kisha inaanguka kwa gangdodari, Platichthys stellatus. Yeye ni wa familia ya wenye macho kulia, lakini katika maji ya Korea na Japani karibu wote wana macho kushoto. Na supu maarufu ya dodari ya majira ya kuchipua kule Tongyeong hupikwa zaidi kwa samaki mwingine kabisa, Pseudopleuronectes yokohamae. Kwa hiyo kanuni itumieni kupanga ndoo, na kibandiko kisubiri hesabu.

Kwa bunju sitasema mengi, ila nasema kwa uzito. Jenasi ya Takifugu ina spishi nyingi zinazofanana, zinazaliana zenyewe kwa zenyewe, na machotara wana alama za pande zote mbili. Takifugu rubripes ana doa kubwa jeusi lenye duara jeupe nyuma ya pezi la ubavuni, na pezi la chini ni jeupe. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na ndiyo maana Korea mpishi wa bunju lazima awe na leseni. Asiwepo mtu wa maabara anayechukua mabaki ya bunju kwenda kupika bwenini, hata kama una uhakika wa jina.

Mtaambiwa siku hizi kuna DNA, kuhesabu ni kazi ya zamani. Kipande cha jeni ya COI, chenye herufi kama 650, kinasaidia sana, hasa kwa mayai na viluwiluwi wasio na umbo la kutambulika. Lakini kipande hicho kinalinganishwa na vingine vilivyowekwa kwenye hifadhidata na watu, na kama aliyeweka alikosea jina, kosa linarithiwa. Isitoshe, COI inafuata upande wa mama peke yake, kwa hiyo chotara wa bunju itamwita kwa jina la mama yake.

Na joto linapanda. Maji ya juu ya bahari za Korea yameongezeka zaidi ya digrii 1 tangu mwaka 1968, na kisiwani Jeju, kusini, wanatokea samaki wa nchi za joto ambao ufunguo wenu wa utambuzi, yaani kitabu cha maswali ya kumfikia samaki jina lake, huenda hauna. Hapo ndipo jicho la mtoto wa pwani yetu lina kazi, maana mwenzako wa Seoul hajawahi kumwona samaki wa familia hiyo, na wewe umemla tangu utotoni. Sema unachokijua. Kisha hesabu.

Samaki usiyemwelewa usimtupe. Kata nyama kwanza, uitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ndipo samaki aingie fomalini, dawa ya kumhifadhi asioze, kwa sababu fomalini inaharibu vinasaba. Baadaye mhamishie alkoholi ya asilimia 70. Ndani ya chupa weka karatasi ngumu yenye tarehe, mahali, kina, aina ya wavu na hesabu zako zote. Nafasi ya jina iache wazi, na andika kwa penseli. Wino wa kalamu utayeyuka kwenye alkoholi.