Usiibandue Picha ya Bibi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, sisi huku Tanga hatujambo. Umeniuliza kama uibandue ile picha ya harusi ya bibi na babu iliyogandia kwenye kioo cha fremu, ili inakiliwe na kila shangazi yako apate yake Idi hii.

Usiibandue, mama. Picha za miaka ya 1960 zina utando wa jelatini, kitu kitokanacho na mifupa na ngozi za wanyama. Unyevu wa pwani huulainisha, na ukikauka hushika kioo kama gundi. Ukivuta, sura ya bibi itabaki kwenye kioo. Maji na spiriti pia usijaribu.

Toa ubao wa nyuma taratibu, picha na kioo viache pamoja, vilazwe hivyo hivyo kwenye skana. Iskaniwe kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) au zaidi, tena kwa rangi ingawa ni nyeusi na nyeupe, maana umanjano na madoa huonekana vizuri na fundi huyaondoa kwa urahisi. Ikitoka na ukungu kwa unene wa kioo, ipigwe kwa kamera kando ya dirisha, bila flashi. Upande wa nyuma nao unakiliwe, kuna mwandiko wa babu pale. Na usikubali kutumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa mno. Chukua faili lenyewe kwenye flashi ya kompyuta.

Sasa nisikilize kuhusu nyuso. Hizi programu za akili mnemba hung'arisha picha mara moja, lakini pasipoonekana vizuri huchora kwa kubahatisha, ukaletewa bibi harusi mzuri asiye wa kwetu. Fundi aondoe mikunjo na madoa ya kuvu, basi. Kovu la bibi juu ya nyusi asiliguse. Koti la babu linalompwaya mabegani asilinyooshe: aliliazima kwa kaka yake, na shangazi zako wote wanakijua kisa hicho. Pale chini unyevu ulipokula vidole vyake, paachwe. Vidole vya kuchorwa si vyake.

Fremu mpya ziwe na kadi nene pembezoni, kioo kisiguse picha. Ile ya asili niletee mimi, na kioo chake.

Ya shangazi yako mkubwa iwe kubwa kidogo kuliko za wenzake, macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Mama yako